Nomiya, Legio na Israel: Wazee Wetu Walichagua

Hapa Nyanza na Magharibi mwa Kenya, mtoto wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, kama Nomiya, Legio Maria na African Israel, anayeenda ibadani na kanzu nyeupe na kilemba bado huchekwa na wenzake shuleni. Eti dini ya kwao ni ya kuungaunga, si Ukristo wala si mila. Sisi tunaohifadhi urithi katika makumbusho kejeli hiyo inatuuma, maana wanaoitoa hawajaambiwa historia.

Mtazame Mluo Johana Owalo. Aliupitia Ukatoliki, akawa Mwislamu, na mwaka 1914 akaanzisha Nomiya Luo Church, linalotajwa kuwa kanisa la kwanza nchini Kenya lililoanzishwa na Mwafrika nje ya misheni. Waluo kwa desturi hawakutahiri. Alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Wanomiya wakaifanya tohara ya wavulana kuwa sharti la imani, ingawa walibaki Waluo wanaosali kwa Dholuo. Kubadili alama ya mwili katika jamii inayoithamini si jambo la kuokota njiani. Linahitaji kusadiki kweli, na kuvumilia maneno ya majirani. Serikali ilipoanza kuhimiza tohara ya hiari Nyanza mwaka 2008 ili kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi, Wanomiya walikuwa wametahiri wana wao vizazi kadhaa.

Legio Maria nao walichagua kivyao. Kanisa lao lilizaliwa kutoka Ukatoliki mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, likashika rozari, likatilia mkazo kuombea wagonjwa na kutoa pepo. Miaka hiyohiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, uliruhusu misa katika lugha za wenyeji. Wakatoliki wakaanza kukiacha Kilatini, Legio wakakishika. Anayedai kwamba hawa waliukimbia Ukatoliki wakarudi kwenye mila atueleze Kilatini hicho kinafanya nini pale madhabahuni.

Kule Vihiga, Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, akaanzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942. Maandamano yao ya bendera na ngoma wengi mmekutana nayo barabarani.

Na kuchanganyika huku kwa imani kulikuwapo kabla ya misheni zenyewe: Waluo na Waluhya wengi, ambao lugha zao hazina asili moja, humwita Mungu Nyasaye.

Walimu wa somo la dini, waalikeni wazee wa makanisa haya waje wazungumze na wanafunzi. Nanyi wenye wazazi waliomwona Ondeto kabla hajafariki mwaka 1991, warekodini kwa simu wakiimba na wakisimulia, katika lugha wanayoimudu. Kanzu na vilemba vya zamani msivitupe. Andikeni kwenye karatasi jina la aliyevaa, kanisa lake na mwaka, mviweke pamoja. Nguo isiyo na maelezo ikifika makumbusho, hatuna la kumwambia mgeni.