Gome la Muthiga Lilifika Mjini, Masharti Yake Yakabaki Kijijini

Kwenye misitu ya pembezoni mwa Nairobi sikosi kuona muthiga, mti ambao gome lake ni dawa ya asili, uliochunwa. Gome limebanduliwa kuzunguka shina lote, kuanzia magotini hadi mkono wa mtu unapofika. Mbao ya shina iliyobaki wazi imekauka, ina nyufa. Ukitazama juu, majani ni ya kijani kabisa, na mpita njia atakuambia mti huu mzima. Umeshakufa, ila habari hazijaufikia.

Maji hupanda kupitia mbao, kwa hiyo majani yanaendelea kunywa. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka la ndani la gome. Ukilikata tabaka hilo mzunguko mzima, mizizi inabaki kula akiba yake, na akiba ikiisha hakuna tena wa kuvuta maji.

Waganga wa mitishamba ninaokutana nao kazini, wazee kwa akina mama, hawakufundishwa haya darasani, lakini masharti yao yanaendana nayo. Chukua kipande chembamba, upande mmoja tu. Usirudi kwenye mti huo mpaka kidonda kifunge. Wengine hukipaka matope au mavi ya ng'ombe, na hapo mwanaikolojia kama mimi sina la kubisha: chembe changa zinazoota gome jipya hufa zikikaushwa na jua, nazo zikihifadhiwa na unyevu zina nafasi ya kupona.

Tatizo ni kwamba mjini tulipokea dawa bila masharti. Anayechuna usiku ili apeleke gunia sokoni si yule anayetibu, na mti si wa jirani yake.

Muiri, mti mwingine wa dawa, ulitutangulia kwenye njia hiyo. Waafrika walitumia gome lake tangu zamani; mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya dawa ya tezi dume iliyotokana nalo. Biashara ikakua, miti ikachunwa hadi kufa, hasa Kameruni, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kanuni iliyowekwa baadaye kule Kameruni? Chuna robo mbili za shina zinazotazamana, acha nyingine, kisha subiri miaka. Mganga yeyote mzee angewaambia hivyo bure.

Kenya tuna kifungu cha 69 cha Katiba na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Ni nzuri, ila mjadala wake huishia kwenye nani alipwe. Ningependa masharti ya kuchuna yaandikwe ndani ya mipango ya usimamizi wa kila msitu, na wanaoyajua wawe mezani.

Kuna pia njia ya kutumia majani ya muthiga badala ya gome. Maabara zimekuta ndani yake baadhi ya kemikali kali zilizomo kwenye gome. Wauzaji wanasita, kwa sababu mteja hulitambua gome kwa ulimi: ukilitafuna linawasha kama pilipili, ilhali majani makavu yanaweza kuwa ya mti wowote.

Mwenye shamba Kikuyu au Limuru anaweza kupanda wake mwenyewe. Ila mbegu za muthiga hazivumilii kukaushwa na kuwekwa kabatini. Ziokote kwenye matunda yaliyoiva, zisafishe, uzipande wiki hiyo hiyo.