Ukija Juni ushachelewa: mtaro wetu na bajeti ya kaunti

Masika ya mwaka wangu wa kwanza nikiwa mwakilishi wadi, niliamshwa saa kumi alfajiri na simu ya mama mmoja, ni mama karanga, anakaanga samaki nyuma ya madrasa hapa mtaani kwetu Kisauni. Hakunisalimia wala nini, alisema tu, "Mheshimiwa, mwanangu, njoo uone." Nikavaa kandambili nikenda. Maji yalikuwa ya magoti, meusi, yananuka choo, na lile karai lake kubwa la kukaangia lilikuwa linaelea mlangoni linagongana na godoro la watoto. Yeye kapanda juu ya meza, wajukuu wawili kawapakata, mkaa gunia zima umeloa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja, "Huu mtaro si ulisema utatengenezwa?"

Kweli nilisema. Wakati wa kampeni nilisimama na kipaza sauti mbele ya watu nikasema nikichaguliwa mtaro ule ni mwaka wa kwanza, na moyoni nilikuwa naamini hivyo, sikuwa nadanganya mtu, tatizo nilikuwa naahidi kitu ambacho sijui kinapatikanaje. Nilidhani mheshimiwa akishaapishwa anaingia bunge la kaunti anasema mtaro wangu uko hapa, unaandikwa, kesho vijana wanachimba. Ndo maana leo nataka nieleze vile mambo yanavyokwenda, kwa sababu kila mwezi wa sita nikipita sokoni naulizwa swali lile lile, na wenzangu pia wanaulizwa, Mombasa ina wadi 30 kuanzia Mtongwe mpaka Mwakirunge na sijaona hata moja ambayo haina mtaro wake.

Kitu cha kwanza, MCA, yaani sisi wawakilishi wadi, hana pesa. Najua wengi hamuamini, lakini hebu nisikilizeni. Zile enzi za manispaa na madiwani ziliisha na uchaguzi wa 2013, na Katiba ya 2010 ilitenganisha kazi. Gavana na mawaziri wake wa kaunti ndo wanatekeleza, sisi bungeni tunatunga sheria za kaunti, tunapitisha bajeti na tunafuatilia ile pesa imefanya nini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kabisa MCA kujiingiza kwenye kazi za utekelezaji, yaani siwezi kumpa kontrakta kazi, siwezi kusaini cheki, siwezi kumuamrisha injinia. Kwa hiyo ukiniona nimesimama kando ya greda napigwa picha, jua lile greda sikulileta mimi. Kilicho changu ni kile kilichoandikwa kwenye vitabu vya bajeti kabla ya greda kuja, na hapo ndo vita vyenyewe vilipo.

Sasa hivyo vitabu vina ratiba, na ratiba yenyewe iko kwenye sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maneno yanaanza mapema sana kabla ya hapo. Ifikapo Septemba 1 kaunti inatakiwa iwe imeleta bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na ule mpango nao unatakiwa utoke kwenye mpango mkubwa wa miaka mitano, huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Halafu ifikapo Februari 28 unaletwa waraka wa sera ya fedha, ule ambao unasema idara ya barabara kikomo chake ni shilingi kadhaa, afya kadhaa, maji kadhaa, na bunge lina siku 14 kuupitia. Aprili 30 ndo makadirio yenyewe yanaletwa, na Juni 30 bajeti iwe imepita. Watu wote wanaijua Juni kwa sababu ndo inasomwa na redio zinatangaza, lakini hiyo Februari haina kelele yoyote, na Februari ndo mwezi mtaro wako unapoishi au unapokufa.

Nitawaambia nilivyojua. Juni ile ile ya mafuriko nilikwenda kwenye kamati nimejaa hasira, nina picha kwenye simu, karai linaelea, watoto juu ya meza, nikaonyesha kila mtu. Nikasema naomba tuongeze pesa ya mtaro huu. Karani wa kamati, binti mpole sana, hakunijibu kitu, alifungua kile kijitabu cha kanuni za fedha za kaunti za 2015 akakisogeza mbele yangu na kidole kiko kwenye kanuni ya 37. Nikasoma mara mbili. Inasema bunge likibadilisha makadirio, nyongeza au punguzo la fungu lolote lisizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu hilo. Asilimia moja. Na hata hiyo moja, ukiongeza hapa sheria inataka ukate pale.

Tupige hesabu, huu ni mfano tu. Tuseme idara ya barabara na mitaro imewekewa kikomo cha milioni 600. Asilimia 1 ni milioni 6. Ukiigawanya kwa wadi 30 kila wadi inapata laki 2, na laki 2 haitoshi hata mawe na simiti, sikwambii fundi. Nilikaa pale kwenye kiti nikaona nimemdanganya yule mama bila kujua, maana hata ningelia machozi ile Juni pesa ya mtaro haikuwepo na hakuna mtu angeweza kuiweka. Ilitakiwa iwekwe Februari, na kabla ya Februari ilitakiwa mtaro uwe na jina kwenye ule mpango wa Septemba, na mimi Septemba yake nilikuwa bado nakula pilau za pongezi.

Kwa nini basi hatuendi Februari? Hapa nasema kilicho moyoni. Ushiriki wa umma uko kwenye Katiba, kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na cha 201 kinasema hivyo hivyo kwa mambo ya fedha. Lakini tangazo linatoka gazetini, kikao kinapangwa Jumatano saa nne asubuhi ukumbini, na saa nne asubuhi mama karanga yuko na ndoo kichwani anatoka kununua samaki, wa boda yuko stejini, wa tuktuk yuko barabarani, mwenye kibarua yuko bandarini. Wanaofika ni wazee wachache na wale vijana ambao kila kikao wapo. Mwaka ule walikuja vijana wa timu ya mpira wakaomba taa za kiwanjani, wakaombea kwa adabu na barua mkononi, na taa zikaandikwa. Hawakuiba cha mtu. Walikuwepo tu. Kwangu mimi kikao cha Jumatano saa nne hakiwezi kuitwa cha wananchi hata kama karatasi za mahudhurio zimesainiwa, na hili nimelisema kwenye kamati na nitaendelea kulisema mpaka vikao vihamie jioni au wikendi.

Jambo la pili linalotukwamisha ni nani mwenye kitu. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Mitaro ya maji ya mvua, taka, barabara za kaunti, masoko, zahanati, chekechea, hayo ya kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, bandari, barabara kuu, hayo ya serikali kuu. Barabara ndo zinachanganya watu zaidi kwa sababu lami ni lami, huwezi kuitazama ukajua, lakini ile ya Malindi kwa mfano iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, zingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na vichochoro vyetu ni vya kaunti. Maji ya mfereji nayo, huduma ya kuyasambaza ni ya kaunti lakini maji yenyewe hayazaliwi Mombasa, yanatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale, kwa hiyo bomba likipasuka njiani huko wewe wa Mtopanga unalala na mitungi mitupu na hakuna diwani wala MCA wa hapa anayeweza kwenda kuliziba.

Mtaro wetu umekamatwa hapo hapo. Unashuka kutoka madrasani kiasi cha mita 200, halafu unatakiwa upite kwenye kalvati chini ya barabara ya lami ambayo si ya kaunti. Kalvati lile limejaa mchanga. Nimeinama nikachungulia mwenyewe na tochi, upande mmoja hauoni mwanga wa upande wa pili. Kaunti haiwezi kuvunja barabara ya mwenyewe, na mwenyewe, ofisi ambayo sitaitaja, barua tatu nimewapelekea na zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Sasa tunatumia sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016, ile inayompa ofisa siku 21 kujibu, tunauliza kalvati lile limewekwa kwenye mpango gani wa matengenezo na mwaka gani.

Na taka. Kwenye ule mtaro tulitoa godoro, nepi kwa mafungu, chupa, hata kioo cha kabati. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini nepi hakuna aliyeipiga marufuku. Jaa la Kibarani lilifungwa, limegeuzwa bustani na linapendeza, taka zinatakiwa ziende Mwakirunge, lakini mwenye mkokoteni huku ndani hafiki Mwakirunge, anafika mtaroni. Bila sehemu za kukusanyia zilizo karibu na nyumba za watu tutazibua mtaro kila mwaka, na hilo nimeliandikia hoja.

Turudi kwa mama karanga. Baada ya ile Juni nilimfuata nikamuelezea haya yote, kanuni ya 37, asilimia 1, Septemba, Februari. Alinyamaza akanisikiliza mpaka mwisho huku anageuza samaki, akauliza, "Hiyo Septemba wanataka nini?" Nikamwambia wanataka jina la mradi, mahali ulipo na urefu wake. Wiki haikuisha, alimuita mjukuu wake mkubwa na mvuvi mmoja mzee, wakachukua mshipi wa kuvulia wakaupiga fundo kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, wakautandaza kutoka ukuta wa madrasa mpaka kwenye lami. Akaniletea mshipi wenyewe umezungushwa kwenye kijiti na karatasi ya daftari ya mtoto imeandikwa kwa biro: pima 112, nyumba zinazoingia maji 23, na jina la kila mwenye nyumba. Injinia wa kaunti alipokuja kupima na mashine yake walitofautiana mita tatu.

Karatasi ile niliiambatanisha kwenye ombi letu, mtaro ukaingia kwenye mpango wa Septemba kwa jina lake, Februari wanawake wa mtaa walikuja kikaoni kumi na wanne, wengine na watoto mgongoni, wakaacha biashara asubuhi nzima, na Juni iliyofuata sikuwa na haja ya kupiga kelele. Ulichelewa kuanza kwa sababu pesa kutoka Nairobi zilichelewa, na pesa haitoki kwenye mfuko wa kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, lakini ulianza. Leo umejengwa kwa mawe kutoka madrasani hadi hatua chache kabla ya lami. Masika iliyopita maji hayakuingia kwake. Yaliingia nyumba mbili za chini, zile za karibu na kalvati, kwa hiyo kazi bado haijaisha na sitaki mtu aseme imeisha.

Kikao cha mpango wa mwaka ujao nimeomba kifanyike madrasani, Jumamosi baada ya alasiri, na nimekubaliwa. Mwenye kichochoro, mwenye taa, mwenye choo cha soko, aje na urefu, na idadi ya nyumba, na majina. Mshipi uko kwa mama karanga, anaazima.