Eti zimamoto huja bila maji

Juzi hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa kwa kinyozi, sijavaa sare yangu ya zimamoto, naye akaanza: "Zimamoto wale? Huja bila maji." Nikanyamaza, maana wembe ulikuwa shingoni.

Haya, tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari lenye tangi la lita 5,000 linabeba tani tano za maji hata likiwa limeegeshwa kituoni. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi hilo ni la dakika kumi. Mipira miwili, tano. Moto wa duka la magodoro uliokwishashika paa hauzimiki kwa dakika tano. Basi gari linakimbilia maji mengine, na aliyefika muda huo analiona likiondoka huku moto unawaka. Tayari ana la kusimulia. Ziwa Tanganyika lote lipo hapo chini, lakini maji ya haraka ni ya bomba la zimamoto la barabarani, na ukilitafuta unakuta limekaliwa na meza ya chipsi.

Tena tunaitwa mwisho. Watu wanatoa bidhaa kwanza, wanarekodi video, halafu ndiyo simu. Piga 114 kwanza, ni bure! Taja mtaa, na mtu mmoja asimame barabarani atupokee, hasa kwenye vichochoro vya Ujiji.

"Nyinyi si watu wa manispaa?" Tuko Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya sheria ya zimamoto na uokoaji ya 2007. Manispaa ina masoko na vibali vya ujenzi, kwa hiyo kesi ya meza ya chipsi ianzie kwa mwenyekiti wako wa mtaa.

"Ukaguzi ni kutafuta ada tu." Ada ipo, sikatai. Ila nikiingia dukani natazama nyaya zilizoungwaungwa, mlango wa nyuma uliopigwa kufuli, na mtungi wa kuzimia moto uliogeuzwa kizuizi cha mlango, mshale wa presha yake umeshatoka kwenye kijani.

"Moto wowote dawa yake maji." Mama unayekaanga migebuka, wale samaki wa ziwani, mafuta yakiwaka usiyamwagie maji kabisa. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni kwako. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko, na usifunue mpaka lipoe.