Bunduki za wenzo, za kale na za leo: anza kutazama komeo

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni chuma. Nilijifunza kukereza kwenye atelie ya mgodi, na siku hizi wawindaji wenye vibali huniletea bunduki zao nizisafishe, nibadilishe springi, nipime chemba, yaani tundu la mtutu linalokaa sasi. Nyingi ni kalibri 12 za mitutu miwili. Ila akiingia mtu na bunduki ya wenzo, ile unayoijaza kwa kusukuma mkono wa chuma chini na kuurudisha juu, swali halibadiliki: "Fundi, ya zamani ao ya sasa, ipi ni nzuri?"

Watu wengi hulijibu kwa kutazama mbao na rangi ya chuma. Mimi nafungua fremu. Nataka kuona komeo, chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, limezuiliwa na nini baruti inapolipuka, na masasi, yaani kartushi nzima, yamelala vipi kabla ya kufika chemba. Mengine yote yanatokana na hayo mawili.

Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860. Nyuma ya komeo aliweka viungo vinavyonyooka kama goti la mtu aliyesimama. Bunduki za kampuni ya Winchester, ya 1866 na ile ya 1873, zilirithi mpango huo. Ni laini ajabu mkononi, na ninaelewa kwa nini watu huipenda, lakini mzigo wote unaishia kwenye pini na viungo vyembamba. Kartushi ya .44-40 ya 1873 ilibeba risasi ya gramu 13 hivi na baruti nyeusi gramu 2.6, na kwa kiasi hicho goti lilitosha. Taabu ni kwamba baadaye zilitengenezwa .44-40 kali zaidi kwa ajili ya bunduki imara zaidi, na kwa umbo zinaingia kwenye 1873 bila kukwama. Chemba haitakuonya.

Aliyeondoa udhaifu huo ni Mmarekani mbuni wa bunduki, John Moses Browning. Kwenye Winchester ya 1886 alitia vyuma viwili vya wima vinavyopanda kupitia fremu na kulibana komeo pande zote mbili. Ile ya 1892 ni mpango uleule uliopunguzwa ukubwa. Kwenye 1894 alitumia pande moja nene la chuma linalopanda nyuma ya komeo, na mwaka uliofuata ikaja kartushi ya .30-30 ya baruti isiyo na moshi. Kwangu mimi mstari wa kugawanya kale na leo unapita hapo, katikati ya 1873 na 1886. Bunduki ya 1894, kwa jinsi inavyofunga, iko karibu zaidi na ya leo kuliko na ya Henry.

Sisi Wakongo tunalijua jina la Herstal. Browning alifanya kazi na kiwanda cha bunduki cha FN kilicho katika mji huo, huko Ubelgiji, na akafariki hukohuko mwaka 1926. Kiwanda cha Winchester cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Bunduki za wenzo zenye jina hilo sasa zinatengenezwa Japani, na kundi la kampuni za FN na Browning, lenye makao Herstal, ndilo linalolitumia jina hilo kwa leseni.

Sasa magazini, yaani ghala la masasi ndani ya bunduki. Kwenye bunduki nyingi za wenzo masasi hupangwa ndani ya mrija chini ya mtutu, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, palepale penye fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Weka risasi yenye ncha kali, bunduki ikupige bega, na ncha hiyo inaweza kulipua fataki ya mbele ndani ya mrija. Ndiyo maana risasi za bunduki za mrija zina pua bapa, na pua bapa hupoteza kasi mapema hewani. Browning alijibu kwa Winchester ya 1895 yenye magazini ya sanduku, ambayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliibeba, ya kalibri .405, katika safari yake ya uwindaji Afrika ya 1909 na 1910 iliyomfikisha hadi eneo la Lado kwenye mto Nile, wakati huo chini ya Kongo ya Wabelgiji. Mbuni mwingine, Arthur Savage, alijibu kwa magazini ya kuzunguka kwenye bunduki yake ya 1899. Katikati ya miaka ya 2000 Hornady, kampuni ya masasi, ilileta risasi yenye ncha laini inayobonyea, na mrija wa zamani ukapata risasi ya ncha bila hatari ileile.

Bunduki ya wenzo iliyokwenda mbali zaidi ni Browning BLR. Wenzo wake unasukuma meno ya gia, kichwa cha komeo kinazunguka na kujifunga, na magazini inachomoka. Inabeba kartushi ya .308, yenye shinikizo la takriban bar 4,200 dhidi ya bar 2,900 hivi za .30-30. Ni kazi safi. Lakini kuifungua yote na kurudisha meno mahali pake ni kazi ya atelie, usiijaribu kambini.

Upya peke yake hauniridhishi. Winchester 94 za miaka ya kwanza baada ya 1964 ziliwekewa vipande vya bati lililokandamizwa badala ya chuma kilichochongwa, na fremu zake hushika rangi vibaya. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua ya kabla ya hapo. Kinachonivuta kwenye za sasa ni kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba, kwa sababu kushusha nyundo nusu kwa mkono uliolowa mvua ya Januari ni jambo linalonitia hofu, na pia ganda kutokea ubavuni, kama kampuni ya Marlin ilivyofanya tangu 1889, maana unaweza kufunga darubini juu.

Kwa msitu wa miombo, ambako mara nyingi miti inakata macho kabla ya mita 100, .30-30 nzuri ya zamani inatosha. Kwenye mbuga wazi, chukua komeo la kuzunguka. Na ukiniletea 1873 ya babu, njoo na masasi unayotumia pia. Nitayatazama hayo kabla sijaigusa bunduki.