Ini lenye mafuta, kitambi na tezi ya shingo vinahusianaje?

Aliyewahi kuchinja kuku wa mayai aliyemaliza kutaga ameliona jambo hili kwa macho yake. Ukimpasua unakuta tumbo limejaa mafuta, na ini mara nyingi limepauka, lina unjano, na ukilibonyeza linavunjika vidoleni. Ini la kuku wa kienyeji ni jekundu la kahawia na limeshikana. Huyu wa bandani alikula chakula kingi chenye nguvu, hakutembea, na mafuta yaliyokosa matumizi yakajaa kwenye ini.

Kwa binadamu hali kama hiyo ndiyo huitwa ini lenye mafuta. Hutajwa pale zaidi ya asilimia 5 ya seli za ini zinapokuwa na matone ya mafuta. Duniani, karibu watu wazima 3 kati ya 10 wanayo, na wengi hawasikii maumivu yoyote. Wanaambiwa siku walipokwenda kupiga utrasaundi kwa shida nyingine kabisa. Kwa wengine mafuta hukaa tu. Kwa wengine ini huvimba, huota makovu, na miaka ikipita husinyaa. Pombe inaweza kuleta hali hii, lakini wengi wanaoipata siku hizi si wanywaji, na inauma kuona mtu ambaye hajawahi kuonja bia akinong'onwa mtaani kwa sababu tu ameambiwa ana tatizo la ini.

Mafuta hayo hutoka wapi? Watafiti wa Marekani walifuatilia swali hili kwa wagonjwa wachache, wakatoa majibu mwaka 2005. Karibu asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili wenyewe, yakasafiri kwa damu hadi kwenye ini. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini kutokana na sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula yalikuwa asilimia 15 tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha chipsi, akaendelea na soda mbili kwa siku na sahani ya ubwabwa iliyofurika, na ini lake lisibadilike.

Hapo ndipo kitambi kinapoingia. Nyama unayoweza kuibana kwa vidole ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo yana madhara machache zaidi. Ya kuogopwa ni yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na viungo vingine, kwa kuwa damu inayotoka huko hupita kwenye ini kabla ya kufika popote. Mafuta haya pia huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, ile homoni (kemikali ya mwili inayobeba ujumbe) inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Mwili hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na ikizidi kwenye damu, ini nalo huongeza kasi ya kutengeneza mafuta.

Sasa tezi. Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo, na vitabu vingine huiita dundumio. Ikivimba ndiyo rovu, ugonjwa ambao wazee wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania waliuzoea sana kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Madini joto hayo ndiyo yanayotumiwa na tezi kutengeneza homoni zake. Iliyo nyingi ni T4, yenye atomu nne za madini joto. Ini na viungo vingine huondoa moja na kupata T3, ambayo ndiyo hasa yenye nguvu ya kufanya kazi.

Ndani ya ini, T3 ni kama mchochea moto jikoni. Huziamuru seli zichome mafuta, na husaidia ini kuvuta kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Homoni ikipungua, moto unafifia: mafuta hayachomwi inavyotakiwa, kolesteroli inapanda, mtu anachoka, anasikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, anapata choo kwa shida, uzito unaongezeka. Ndiyo sababu wenye upungufu wa homoni za tezi huonekana kuwa na ini lenye mafuta mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Lakini tusiitwike tezi lawama za kila kitambi. Uzito mkubwa wenyewe unaweza kupandisha kidogo kipimo cha TSH, ambayo ni homoni ya ubongoni inayoisukuma tezi ifanye kazi, na mtu akipungua kipimo hicho kinaweza kushuka bila dawa. Kwa hiyo karatasi ya maabara yenye TSH iliyozidi kidogo haitoshi kusema tezi inaumwa. Daktari ataangalia na T4, na pengine atarudia kipimo baada ya wiki kadhaa.

Hatari kubwa ni kumeza vidonge vya homoni ya tezi ili kupunguza tumbo wakati tezi yako ni nzima. Homoni hiyo haichagui pa kwenda. Itafika kwenye moyo uanze kwenda mbio, na itadhoofisha mifupa. Wanasayansi waliligundua pengo la kupenya: kipokezi cha homoni, yaani mlango ambao homoni hugonga ili seli iitii, kilichotawala kwenye ini ni aina ya beta, na cha moyo ni alfa. Dawa iitwayo resmetirom ilitengenezwa ili igonge mlango wa beta, na Marekani iliiidhinisha Machi 2024 kwa wagonjwa ambao ini lao limevimba na kuota makovu ila halijasinyaa. Hata hao huambiwa wale vizuri na wafanye mazoezi.

Kwa asiyefika huko, chukua futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani. Simama, pumua nje kawaida, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, huenda mafuta ya ndani ni mengi. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu, mafuta ya kwenye ini huanza kupungua. Akipunguza kilo 9, hata makovu yanaweza kuanza kurudi nyuma. Na kama uzito umegoma huku uchovu na baridi vikikuandama, mwambie daktari akupime TSH.