Familia ya rubani wa huduma: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tukitajiwa huduma ya Kikristo ya usafiri wa anga, picha inayotujia ni ya mtu mmoja: rubani anayetua kwenye kiwanja cha nyasi kati ya milima, akashusha dawa na Biblia, kisha akampakia mgonjwa. Nyumba aliyotoka alfajiri haimo kwenye picha hiyo. Kwa kuwa haimo, watu huijaza kwa kukisia, na makisio hayo yana madhara, kwa sababu familia zinazojiandaa kwenda huyabeba kama ukweli, na makanisa yanayozituma huyageuza kuwa msingi wa maombi na misaada yao.

Dhana iliyo kongwe kuliko zote ni kwamba wito ni wa rubani, na wa nyumbani mwake wanamsindikiza tu. Historia yenyewe inaikataa. Nate Saint, rubani mmisionari kutoka Marekani, alianza kurusha ndege ndogo nchini Ecuador mwaka 1948, akiwa na makao Shell Mera, ukingoni mwa msitu wa Amazon. Mkewe, Marj, ndiye aliyekaa kwenye redio kufuatilia safari zake, huku akilea watoto wao watatu na kupokea wageni waliopita nyumbani kwao wakienda msituni au wakitoka. Tarehe 8 Januari 1956, saa 6:35 mchana, Nate alizungumza naye kwa redio, wakaahidiana kuongea tena saa 10:30 jioni. Saa hiyo ilipofika, redio ilikaa kimya. Nate na wenzake wanne walikuwa wameuawa kando ya mto. Marj hakufunga virago akaondoka. Aliendelea kutumika Ecuador kwa miaka mingi. Mtu anayesoma habari hizo kwa utulivu hawezi kusema kwamba katika nyumba ile aliyeitwa alikuwa mmoja.

Tena, anayerusha ndege si lazima awe baba. Shirika la Mission Aviation Fellowship lilianzishwa Marekani mwaka 1945, na rubani wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Betty Greene, aliyefanya safari ya kwanza ya shirika hilo kwenda Mexico mwaka 1946. Siku hizi zipo familia ambamo mke ni rubani na mume ni fundi wa ndege au mwalimu wa watoto. Ndiyo maana mashirika mengi huwahoji wanandoa wote wawili kabla ya kuwapokea: kama mmoja wao amekubali kwa kuburutwa, miezi michache ya upweke kituoni italifichua jambo hilo, na gharama yake italipwa na watoto.

Dhana ya pili inahusu hofu. Watu hudhani kwamba mwenzi wa rubani huamka kila siku akingoja habari za ajali. Hatari ipo, na haifai kuifanya ndogo: viwanja ni vifupi, vingine vimeinama kama paa, na ndege nyingi zina injini moja. Lakini kazi hii huendeshwa kwa nidhamu ya kukataa. Rubani hurudi njiani akiona bonde limezibwa na wingu. Hupima kila abiria na kila mzigo kwenye mzani. Hufanya safari za milimani asubuhi, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba, na ikishapata joto huwa nyepesi zaidi na kuifanya ndege ihitaji njia ndefu ili ipae, na mchana mawingu hujikusanya. Kinachoichosha familia zaidi, kwa maoni yangu, ni kungoja.

Kungoja huko kuna sura yake. Kando ya redio kuna daftari lenye safu: saa ya kuondoka, idadi ya watu ndani, mafuta ya saa ngapi, saa ya kutarajiwa kufika. Mtu ameketi na kalamu, mtoto yuko miguuni, na saa ya ukutani imepita dakika 10 zaidi ya ile iliyoandikwa. Asiyejua atadhani msiba umeshatokea. Anayejua anakumbuka kwamba mawimbi ya redio ya kawaida ya ndege husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege iliyotua nyuma ya mlima haisikiki, na huenda rubani amekawia kwa sababu mgonjwa hajafikishwa kiwanjani. Taratibu za kimataifa za usafiri wa anga zimeweka hatua tatu: kwanza mashaka, ambayo kwa kawaida hutangazwa dakika 30 zikipita bila mawasiliano yaliyotarajiwa, kisha tahadhari, halafu dhiki. Familia iliyofundishwa hatua hizo hupumua tofauti na ile iliyoachwa ikisie. Ndiyo sababu kuwafundisha wa nyumbani namna safari inavyofuatiliwa ni sehemu ya malezi ya familia hizi. Si jambo la kiufundi la kuwaachia marubani peke yao.

Husemwa pia kwamba rubani wa huduma hayuko nyumbani kamwe. Ukweli ni kwamba viwanja vya vijijini havina taa, kwa hiyo safari nyingi huisha kabla ya jua kuzama, na sheria za nchi nyingi huweka ukomo wa saa 100 za kuruka katika siku 28. Yapo majuma ya kulala mbali, lakini wengi hula chakula cha jioni na watoto wao mara nyingi kuliko rubani wa shirika kubwa la abiria. Shida iko kwingine: kazi na nyumba hazina ukuta kati yake. Majirani ni wafanyakazi wenzake, mkuu wa kazi huenda anaishi nyumba ya pili, na ombi la kumbeba mama aliyeshindwa kujifungua hufika mlangoni wakati wa chakula. Kukataa ombi kama hilo kwa sababu giza linaingia, kisha kurudi mezani na kuwatazama watoto usoni, ni jambo ambalo hakuna saa za kazi zinazoweza kulipima.

Kuhusu fedha, itoshe kusema kwamba ndege si mali ya familia. Katika mashirika mengi wamisionari huishi kwa michango ya makanisa na marafiki, ambayo hutafutwa kabla ya kuondoka na hupungua bila taarifa. Jingine lisilojulikana ni kwamba riziki yao hutegemea pia cheti cha afya: kwa viwango vya kimataifa, rubani wa kibiashara anayebeba abiria akiwa peke yake kwenye usukani hupimwa kila miezi 12, na akishatimiza miaka 40, kila miezi 6. Kasoro ndogo ya moyo au macho inaweza kuigeuza kazi ya nyumba nzima kwa siku moja.

Juu ya watoto kuna dhana mbili zinazopingana, na zote mbili hazitoshi. Wengine husema watoto hao wanaharibiwa, kwa kuwa wananyimwa shule na jamaa. Wengine husema wamebarikiwa kuliko wenzao, kwa kuwa wanajua lugha tatu na wamepanda ndege kabla ya kujua kusoma. Kuhusu shule, njia ni kadhaa: wapo wanaofundishwa nyumbani na mzazi, wapo wanaosoma shule za karibu, na wapo wanaokwenda bweni, kama Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Hakuna njia iliyo takatifu kuliko nyingine. Bweni linaweza kumfaa kaka na kumvunja mdogo wake, na wazazi wenye busara hulipima jambo hilo upya kila mwaka, mtoto kwa mtoto.

Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Useem, katika miaka ya 1950, aliwapa watoto wa namna hii jina la watoto wa utamaduni wa tatu: si wa nchi ya wazazi wao kabisa, wala si wa nchi wanamokulia kabisa. Jina hilo limesaidia, kwa sababu lilionyesha kwamba huzuni yao si utovu wa shukrani. Mtoto wa kituo cha ndege huaga watu mara nyingi mno: familia jirani inahama, mwalimu anamaliza mkataba, rafiki yake wa kijijini anabaki kiwanjani akipunga mkono hadi ndege inapotelea winguni. Kumwambia asilie kwa sababu ni kazi ya Bwana ni kumfundisha kwamba Bwana hapendi machozi yake. Sioni Maandiko yanapofundisha hivyo.

Hapo tunafika kwenye dhana inayoumiza kuliko zote, kwamba familia yenye imani haichoki, na ikichoka inyamaze. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Usafiri wa anga nao umejifunza jambo hilo kwa njia ngumu. Marubani hufundishwa kujikagua kabla ya kuruka: je, ninaumwa? Nimetumia dawa? Nina msongo? Nimekunywa pombe? Nimechoka? Nimekula, na moyo wangu umetulia? Maswali hayo, karibu yote, hujibiwa nyumbani. Rubani aliyekesha na mtoto mwenye homa, au aliyeondoka bila kupatana na mwenzi wake, ameshabeba mzigo ambao mzani wa kiwanjani hauuoni. Mke anayesema, “Leo usiruke, hukulala,” anafanya kazi ya usalama wa anga, na shirika lililo makini humheshimu rubani anayefuta safari kwa sababu hiyo.

Hata likizo ya kurudi kwao haieleweki vizuri. Makanisa huiona kama mapumziko, lakini kwa familia nyingi ni miezi ya kuzunguka kutoa taarifa, kupimwa afya, kuhuisha leseni na kulala kwenye vitanda vya wenyeji, huku watoto wakiulizwa kila Jumapili kama wamefurahi kurudi nyumbani, wakati nyumbani wanakokujua ni kule kwenye redio na daftari. Baadhi ya mashirika sasa hutenga majuma ya mwanzo yasiwe na ziara yoyote, na humweka mtu wa kuwasikiliza watoto peke yao, wazazi wakiwa nje ya chumba.