Reli ya Mwanza haiishii ziwani

“Reli imeishia hapa, mbele ni maji.” Kauli hiyo nimeisikia hata kwa watu waliozaliwa Igogo, waliokua wakiamshwa na honi ya treni. Si kweli.

Nenda Bandari ya Mwanza Kusini utazame chini. Vyuma vya reli vinaingia bandarini, vinapita juu ya daraja la kupakilia na kuendelea ndani ya meli. Meli hiyo ni MV Umoja, iliyoundwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kubeba mabehewa, na sitaha yake imetandikwa reli. Mabehewa yanasukumwa ndani taratibu, mengine kushoto, mengine kulia, meli isije ikalalia upande mmoja. Yakishafungwa barabara, kichwa cha treni kinabaki nchi kavu. Safari moja inachukua mabehewa yapata 20. Kule Port Bell, Uganda, kichwa kingine kinayavuta hadi nje na safari inaendelea kuelekea Kampala, bila kushushwa hata gunia moja. Njia hii ililala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2018, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawa miongoni mwa waliopitisha shehena zao humo.

Yote hayo yanawezekana kwa sababu reli yetu ya zamani na ile ya Uganda zina upana uleule kati ya vyuma vyake viwili, mita 1. Ndiyo maana nakereka nikisikia kwamba SGR, reli mpya ya kisasa, ikifika, reli ya zamani iuzwe chuma chakavu. SGR ina upana wa milimita 1,435. Behewa lake haliwezi kupanda MV Umoja, wala halitembei kwenye reli ile ya Uganda; mzigo wake utabidi uhamishwe kwanza. Naisubiri SGR kwa hamu kama mkazi yeyote wa Mwanza. Kipande cha Mwanza–Isaka peke yake ni kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2021. Lakini anayetaka mataruma ya zamani yang'olewe anataka kufunga mlango wa ziwani.

Wengine husema reli hii ya Mwanza ni ya Mjerumani. Mjerumani alijenga reli ya kati, ya Dar es Salaam hadi Kigoma, kati ya 1905 na 1914. Tawi la Tabora–Mwanza ni kazi ya Mwingereza, lilikamilika 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukumani ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ikapanda treni ya kwenda Mombasa. Na TAZARA, ambayo watu huichanganya na Shirika la Reli Tanzania (TRC), haifiki huku kabisa: inakwenda Zambia, na upana wake ni milimita 1,067.

Halafu kuna hili la samaki. Kwa kuwa Mwanza ni sangara, watu hudhani treni ya mizigo inaondoka imejaa sangara. Minofu ya sangara haiwezi kungoja. Inasafiri kwa malori yenye majokofu na kwa ndege. Treni inataka mzigo mzito usioharibika: saruji, mbolea, ngano, mafuta, chuma na makontena yanayotoka pwani, na marobota ya pamba yanayoteremka. Behewa moja hubeba kama tani 40. Mabehewa 20 ni tani 800, na ukizipakia kwenye malori ya tani 30 utahitaji malori 27, yote yakiikanyaga barabara ileile ya Shinyanga.

Mzigo ukichelewa, lawama ya kwanza ni kwamba wafanyakazi wa reli wamelala. Mjomba wangu, muuza saruji, alisema hivyo hivyo. Uzembe upo, sikatai. Ila njia yenyewe ni moja, treni inasimama stesheni kusubiri nyingine ipite. Kubwa zaidi ni kipande cha Kilosa–Gulwe, kati ya Morogoro na Dodoma, ambako reli inafuata bonde la mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba njia pale, treni za reli ya kati zikakwama kwa miezi. Siku hizi mjomba, kabla hajamwahidi mteja tarehe, anapiga simu kuuliza kama mvua inanyesha Kilosa.